Trafiki na Mnara wa Mwisho

Mashine ya kusaga ya sokoni kwetu ilimla mama mkono wakati kaka yangu bado hajaota ndevu. Ilikuwa mashine ya dizeli. Mkanda wake ulikwenda wazi kati ya injini na kinu, bila hata kipande cha bati cha kuukinga. Mama aliinama kumimina mahindi, mkanda ukadaka pindo la kitenge, kitenge kikavuta mkono. Injini ya namna ile haizimwi kwa kubonyeza. Lazima mtu akimbie nyuma ya kibanda, afunge mafuta, kisha aiache ingurume mpaka ichoke yenyewe. Kaka ndiye aliyekimbia. Aliporudi ndani alimkuta mama amekaa chini ameegemea gunia, anautazama unga uliobadilika rangi, na mkono wake kuanzia kwenye kiwiko ulikuwa upande wa pili wa chumba.

Mama alipona. Aliporudi kanisani wanawake wenzake wakaanza kumlilia, akawaambia, "Nyamazeni. Mungu kaniachia wa kulia, basi nitakula na nitalia." Wakacheka huku wanafuta machozi. Kaka hakucheka. Tangu siku ile alikuwa na neno moja tu mdomoni: umeme. Mashine ya umeme inazimwa kwa kidole, alisema. Alilisema wakati wa kula, alilisema njiani, na hata kwenye sala ya nyumbani, zamu yake ikifika, alimwomba Mungu msamaha wa dhambi, chakula, na nguzo za umeme.

Magazeti yaliandika kwamba katika vurugu za mlimani mfanyakazi mmoja alipoteza maisha. Basi. Mimi ni dada yake, niliyemfuata kuzaliwa, na sitaki abaki kuwa mfanyakazi mmoja.

Hakuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu, tena mdomo mrefu, alipenda viatu vya kung'aa, na alikula kama mtu anayefukuzwa. Kuimba hakujua, ila aliimba kwa sauti kuliko wote, hadi mwalimu wa kwaya akamwambia, "Wewe mwanangu, Mungu kakujalia viganja. Piga makofi." Mikono yake ilikuwa mirefu hivi kwamba mashati ya kununua yalimwishia juu ya kifundo. Alipokwenda mjini kutafuta kazi alianza kwa kubeba mizigo, na wiki za mwanzo tu wapagazi wenzake walimpiga kwa kuingilia zamu yao. Alirudi kesho yake na uso umevimba kama mkate, akamtafuta aliyeanza, akamng'oa meno ya mbele. Baada ya hapo wakawa marafiki. Alinihadithia hayo kwa kujisifu, na mama akamkatalia chakula mpaka alipopiga magoti kutubu.

Kazi iliyomfanya mtu aliipata kwenye ujenzi wa daraja. Alikuwa akifunga minyororo kwenye mizigo ya kreni. Dereva wa kreni ile alikuwa mzee mmoja mfupi, mwenye shingo inayoingia ndani ya kola, wote wakimwita Kobe. Dereva wa kreni mara nyingi haoni mzigo wake unapokwenda kutua. Anamtazama mtu mmoja tu aliyesimama mahali pa kuonekana, anayempa ishara kwa mikono: inua, shusha, zungusha kushoto, simama. Siku moja yule mpiga ishara alisogea pembeni kununua sigara wakati vyuma viko hewani. Kobe alisubiri, upepo ukasukuma, mnyororo ukakatika. Vyuma viliwaangukia wachomeleaji wawili. Kaka aliwaokota kwa koleo, na hilo hakunihadithia kwa kujisifu. Alilisema mara moja, akiwa amegeukia ukuta, na hakulirudia.

Kobe alishuka kwenye kreni yake, akatapika, akafuta mdomo, akamnyooshea kaka kidole. "Wewe mwenye mikono ya sokwe. Njoo nikufundishe." Sheria ilikuwa moja. Mzigo ukiwa hewani, mpiga ishara haondoki hata kama kibofu kinapasuka. "Utajikojolea hapohapo," Kobe alimwambia, "na mimi nitakununulia suruali." Kaka aliwahi kununuliwa hiyo suruali. Alinionyesha.

Ndipo upepo wa mlima wetu ukapata wenyewe. Wapimaji walikuja, wakasimamisha milingoti myembamba, wakaondoka, wakarudi na mkandarasi. Serikali ilitaka minara ya kufua umeme wa upepo juu ya mgongo wote wa mlima, kule tulikochungia mifugo na tulikozika watu wetu wa zamani. Kobe aliletwa na kreni kubwa kuliko ile ya darajani, na alikataa kufanya kazi bila kaka. Hivyo kaka alirudi nyumbani na kofia ya njano na kizibao cha kung'aa, na watoto waliomwona akipunga mikono juu ya kifusi wakampa jina la Trafiki. Likashika. Hata mchungaji alimwita hivyo.

Kulikuwa na mkutano kwenye uwanja wa shule. Mkuu wa wilaya alisema nchi haiwezi kuendelea kuchoma mafuta mazito ya kuagiza ili viwanda vizunguke, kwamba upepo ni safi, kwamba vijana watapata ajira na barabara itawekwa lami. Alisema vizuri, lazima nikiri. Kisha akasimama mjomba, kaka yake mama, mtu mwenye ng'ombe wengi na maneno machache.

"Mheshimiwa, huo umeme utapita wapi?"

"Utapita kwenye nyaya kubwa, mzee, mpaka mjini."

"Nyaya zitapita juu ya nyumba zetu?"

"Baadhi."

"Na sisi tulio chini ya waya tutawasha nini?"

Watu wakacheka. Mkuu wa wilaya naye akacheka, akasema mambo huenda kwa hatua. Mjomba akasema yeye hakatai maendeleo, anakataa kuwa ngazi ya wengine kupandia. Nyuma yake alisimama mwanawe, binamu yetu, aliyeitwa Nyundo kwa sababu alikuwa na karakana ya kufua vyuma na kwa sababu ya kichwa chake. Nyundo akasema kwa sauti, "Tuwachomee hizo kreni tumalize," na uwanja ukaanza kuchemka.

Kaka ndiye aliyeutuliza. Alisimama juu ya dawati, akanyoosha mikono yote miwili akiwa na kizibao chake, na watu wakanyamaza, nusu kwa kumcheka. Akatoa shauri. Minara isimame, lakini ule wa mwisho, wa upande wetu wa mlima, usivikwe mapanga yake ya kuzungushwa na upepo mpaka transfoma iwe imesimama sokoni na mashine ya kusaga na zahanati vimepata umeme. Mhandisi wa mkandarasi, kijana mpole mwenye miwani, akamnong'oneza mkuu wa wilaya. Mkuu wa wilaya akasema sawa, mbele ya watu wote. Wakapeana mikono. Mjomba akamwambia kaka, "Mimi nimewakubali kwa mdomo wako wewe, si kwa mdomo wao. Unanisikia, mjomba?"

"Nakusikia, mjomba."

Minara ikapanda. Baruti zilipasua miamba na zikapasua pia kuta zetu. Watu walizoea kukaa kwenye ukingo wa malisho wakimtazama kaka. Walijifunza kwamba mikono yake ikienda juu, chuma kikubwa kama nyumba kinapaa, na mikono yake ikishuka, akienda kula, mlima mzima unanyamaza. Watoto walicheza mchezo huo shuleni. Nyundo aliwahi kusema kwa utani, "Serikali yote hii inaendeshwa na mikono ya shangazi." Alimaanisha mikono ya mtoto wa shangazi yake. Kaka alilipenda sana hilo neno, akalirudia kwa mama.

Nyaya kubwa zilipita juu yetu, zikavuma siku zenye ukungu, na transfoma haikuja. Mhandisi alisema iko njiani. Halafu alisema iko bandarini. Halafu aliacha kusema. Vijana walifunga barabara kwa magogo. Polisi walikuja na lori wakaingia nyumba kwa nyumba. Mjomba alitoka mlangoni na fimbo yake ya kutembelea, na askari akadhani ni silaha. Walimpiga na vitako vya bunduki mpaka mguu ukavunjika juu ya goti, mfupa ukatokeza. Mke wake alimwangukia kumkinga, akapigwa mgongoni. Nyundo alikuwa karakanani. Alipofika alikuta damu mpaka kwenye kizingiti na mbwa wanaikaribia.

Kaka alikimbia kutoka mlimani na kizibao chake. Alipofika kwa mjomba, Nyundo alimshika koo.

"Mdomo wako ndio uliotufikisha hapa."

"Niache nimbebe mzee kwanza. Kisha unipige."

Wakambeba pamoja hadi zahanati. Kisha Nyundo akampiga kweli, nje ya mlango, ngumi za uso, na kaka, mtu wa hasira za karibu, hakunyanyua mkono. Pikipiki ya kaka tuliikuta imechomwa. Ukutani kwetu mtu aliandika neno ambalo mama alinituma nilifute kabla hajaja kulisoma, ingawa alikuwa ameshalisoma.

Asubuhi iliyofuata kaka alikwenda ofisini kwa mhandisi, kontena lenye dirisha na feni, na nilikuwa naye kwa sababu mama alikataa aende peke yake. Akavua kofia, akaiweka mezani.

"Bosi, mnara wa mwisho sitautolea ishara. Tulikubaliana."

Mhandisi alivua miwani akafikicha macho. "Trafiki, ndugu yangu, si mimi ninayeamua. Ufunguzi umepangwa. Kiwanda cha saruji kinasubiri huo umeme, mikataba imetiwa saini. Nikichelewesha wananitoa mimi, wanaleta mwingine, na huyo mwingine hata hatawasikiliza."

"Na transfoma?"

"Nimeandika. Nimepiga simu. Unataka nifanye nini, niibebe mgongoni?"

"Ungebeba, ningekusaidia," kaka alisema. Mhandisi akatabasamu kwa uchungu, na kwa kitambo wakawa watu wawili waliochoka tu. Kisha mlinzi mlangoni akamsukuma kaka bega, akamwita msaliti wa kampuni, na kaka akamtandika kofi lililomwangusha. Kwa hiyo kwa siku hizo mbili alikuwa msaliti wa pande zote, naye akasema njiani, akinyonya kidonda cha mdomo, "Dada, nimepanda cheo. Sasa nachukiwa na serikali na upinzani."

Kuanzia hapo alikaa nasi kwenye magogo barabarani. Wengine walimgeuzia mgongo, ila mjomba, aliyelala zahanati na mguu umefungwa mbao, alituma neno kwamba mtoto wa dada yake apewe nafasi ya kukaa. Akapewa. Alikaa pembeni, akichonga kijiti.

Mkandarasi alikuwa amejenga njia nyingine nyuma ya mlima. Siku ile ya vurugu tulisikia kreni inanguruma kabla ya jua kupata nguvu. Tukatazama juu. Panga la kwanza la mnara wa mwisho lilikuwa linapaa, jeupe, refu kuliko kanisa letu, limelala hewani kama linaelea. Nyundo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Twendeni," na wote wakainuka.

Tulipanda mlima kwa upande wa malisho, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma na ndoo zetu za maji, maana tulikuwa tumeyaleta kwa ajili ya watu wa magogoni. Hata mjomba alikuwamo. Wenzake walikwenda kumchukua zahanati wakambeba kwenye kiti. Juu ya kifusi, mahali pa kaka, alisimama mpiga ishara mgeni na redio ya mkononi, aliyeletwa Kobe atake asitake. Alifanya kazi yake vizuri, simlaumu. Mawe ya kwanza yalimpata kifuani na mdomoni. Alivumilia kuliko ambavyo mimi ningevumilia. Jiwe la jicho ndilo lililomshinda, akaruka chini ya kifusi akakimbia, redio mkononi, damu inamwagika kati ya vidole. Vijana walioshika kamba za kuongoza panga nao wakaziachia wakatimua.

Kreni ikanyamaza. Panga likabaki hewani, juu ya mteremko ule ule tuliokuwa tunaupanda.

Watu wakashangilia. Mnaelewa walichokuwa wanajua. Kwa miezi walikuwa wameona kwamba pasipo mikono hapana kazi, mikono ikishuka mlima unalala. Basi mikono imeondoka, kazi imesimama, tumeshinda. Wakaanza kukaa chini palepale, chini ya kivuli cha panga, kuonyesha kwamba hawatoki. Kiti cha mjomba kikatuliwa katikati. Wanawake wakaanza kugawa maji. Mimi nilikuwa nimeinama na kata mkononi.

Walichokuwa hawajui ni kwamba mikono ya kaka iliposhuka siku zote zile, ilikuwa imekwisha kuweka mzigo chini.

Kutoka tulipokuwa tuliona tumbo la panga tu. Kaka alikuwa amezunguka kwa pembeni na ndiye aliyeona upande wa juu. Bila kamba, upepo ulikuwa unalizungusha panga taratibu, na kila likizunguka, mkanda mmoja wa kulinyanyulia ulikuwa unateleza kwenda kwenye ncha. Kobe ndani ya kreni hakuuona mteremko wetu wala hakujua kuna watu chini ya panga. Nilimsikia kaka akiita, "Ondokeni hapo, ondokeni," lakini kulikuwa na vigelegele, na injini, na upepo. Alimshika mtu mmoja shati akimvuta. Yule mtu akamsukuma, akamtemea mate. Kaka akatazama panga. Kisha akaacha kuita, akakimbia, akapanda kifusi kwa miguu na mikono, akasimama juu, akainua mikono yake.

Kreni ikanguruma.

Sijasikia sauti kama ile iliyotoka kwa watu, na naomba Mungu nisiisikie tena. Mbele ya macho yao Trafiki, aliyekaa nao kwenye magogo, aliyekula chakula chao, amepanda mahali pa mgeni na kazi imeanza upya. Mtu akasema, "Alikuwa anasubiri tu." Mwingine akasema, "Mvunjeni mikono." Walisema mikono. Hawakusema kichwa. Walidhani ukivunja mikono, kazi inakufa.

Jiwe la kwanza lilimkosa. La pili lilimpata mkono wa kushoto chini ya kiwiko, na niliuona unapinda mahali ambapo mkono haupindi. Hakuushika. Aliuacha ukaning'inia, akaendelea na wa kulia, amenyoosha kuelekea kiwanja tupu cha upande wa pili, akimwambia Kobe zungusha, zungusha, polepole. Panga likaanza kusogea juu ya vichwa vyetu. Mawe yakawa mengi. Yalimpiga mbavu, yalimpiga paja, moja likampasua juu ya sikio na damu ikafunika shavu lote. Alipiga goti. Mkono wa kulia ukabaki umenyooka. Nilikuwa napiga watu kwa ndoo, nawauma, nawaita kwa majina ya baba zao, na mtu akanipiga ubavuni nikaanguka juu ya maji yangu.

Nilipoinua uso nilimwona Nyundo anapanda kifusi na bomba la chuma. Alimpiga begani. Alimpiga kwenye mbavu mara ya pili na ya tatu, kwa nguvu ya mtu anayefua chuma kila siku, na sauti ya bomba ilifika chini. Kaka aliyumba. Kati ya pigo na pigo waliambiana kitu. Nyundo aliinua bomba tena, safari hii juu ya mkono ule wa kulia, na kwa kuinua aligeuka kidogo, akatazama juu, akatazama chini kwetu, pale alipokaa baba yake na mguu wake uliofungwa mbao.

Bomba likaanguka. Nyundo akapiga kelele, mikono mdomoni, "Kimbieni. Baba, mtoeni baba. Kimbieni." Yeye walimsikia. Wakambeba mjomba na kiti chake, wakaporomoka mteremko. Na huku kaka anazidi kukunjama, anakwenda chini, na akienda chini Kobe hamwoni. Nyundo akapita nyuma yake, akamkumbatia kwa mikono miwili, akamnyanyua kama unavyomnyanyua mgonjwa kwenda kuoga. Hivyo ndivyo panga lile lilivyozungushwa: mmoja amesimamishwa na mwingine, mawe mawili matatu ya waliokuwa hawajaelewa bado yanawapiga wote wawili. Lilipofika juu ya kiwanja, mkono wa kaka ukashuka ubavuni, kidole kikielekea chini, kikichora duara dogo. Shusha. Mkanda ule ulichomoka wakati ncha iko karibu na ardhi. Ncha ikaanguka, ikafyeka pipa la maji na kibanda cha mbao cha walinzi, mbao zikaruka hewani. Hapakuwa na mtu.

Polisi wakafika wakati huo. Walipiga risasi hewani, kisha chini, na mama mmoja wa kwaya yetu akapigwa kwenye kisigino. Nyundo walimkuta amekaa na kaka mapajani, wakampiga mpaka akaacha kutoa sauti, wakamfunga pingu. Kobe alishuka kwenye kreni yake, mzee yule, akapita katikati ya mabomu ya machozi akikohoa, akapiga magoti, akamfunga kaka mkono kwa mkanda wake wa suruali. Alikuwa anamwambia, "Umelala kazini, wewe. Umelala kazini."

Kule zahanati muuguzi alisema damu inavuja ndani na anahitaji kuongezewa, lakini damu haikai pale, hakuna jokofu la kuihifadhia, hakuna umeme. Tukamweka kwenye gari la mkandarasi. Mhandisi mwenyewe aliendesha, analia, miwani imejaa ukungu. Nilimshikia kaka kichwa nikimsomea sala ambayo mama alitufundisha tukiwa wadogo. Alikuwa anaifuata kwa midomo. Mahali fulani barabarani midomo ikaacha kunifuata, nami nikaimaliza peke yangu.

Transfoma ililetwa kabla ya arobaini. Ilifika na msafara wa magari na hotuba. Kisha wakavika mnara wa mwisho mapanga, kwa utaratibu ule ule uliokubaliwa uwanjani, kana kwamba hakuna kilichokuwa kimezuia. Sina la kusema juu ya hilo, na nimejaribu mbele za Mungu kutokuwa na la kusema.

Mama alinituma mahabusu kwa Nyundo. Alinipa sabuni na dawa ya meno nimpelekee, akasema, "Kamuulize waliambiana nini. Usimuulize kingine." Tulionana kupitia wavu. Nyundo alikuwa amekonda, jicho moja halifunguki vizuri. Alipoona sabuni aligeuza uso.

"Mama anataka kujua mlisemezana nini pale juu."

Akaurudisha uso kwangu. "Nilimwambia, shusha mikono. Akasema, nikishusha mnakufa. Nikasema, unatutisha sasa? Nikampiga. Akasema, Nyundo, nipige unavyotaka, lakini tazama juu kwanza. Nikampiga tena, dada. Nilimpiga kabla ya kutazama."

"Na ulipomshika?"

"Nilimshika vibaya. Nilimshika kwapani, nikambana mkono. Akasema, nishike kiuno, mikono niachie." Akafuta pua kwa bega, maana pingu zilimzuia. "Alisema kama mtu anayenielekeza kazi. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira."

Askari akagonga wavu kwamba muda umekwisha. Nyundo akaniuliza kama nitaitwa kutoa ushahidi. Nikamwambia nimeshaitwa. Akaniuliza nitasema nini.

"Niliyoyaona. Kwamba ulimpiga, na kwamba ulimshika."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akaichukua sabuni kupitia tundu la chini.

"Anza na la kwanza," akasema. "Wakili wangu anataka uanze na la pili. Usimsikilize."